Pua Yangu, Ulimi wa Mama Felista

Mwezi uliopita tulimzika Mama Felista, Mjimwema, Songea, na baada ya mazishi binti yake Odilia alinichukua nyuma ya nyumba kunionyesha ghala. Lile shimo lililokuwa chini ya sakafu limefukiwa na kusakafiwa kwa saruji, na juu yake yamepangwa magunia ya mahindi. "Kaka Twaha, unakumbuka?" aliniuliza. Nilisema nakumbuka. Sikuongeza neno kwa sababu watu wa msibani walikuwa wanatungoja kwenye chai, lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikiandika kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na haya ndiyo niliyoyapata. Sitaanza na wazazi wangu wala kijiji nilikozaliwa upande wa Tunduru. Hayo si ya mwaka ninaotaka kuusimulia. Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nilikuwa nimepoteza kazi, na mzee mmoja Mfaransa aliniomba nimnusie divai.

Kazi niliyoipoteza ilikuwa ya kupanga madaraja ya tumbaku. Huku kwetu hulimwa tumbaku ya moshi, ile inayoning'inizwa bandani na kuwashiwa moto chini yake, na jani huingia daraja la juu au la chini kwa rangi, kwa unene na kwa harufu. Rangi na unene kila mtu aliweza kujifunza. Harufu ilikuwa jambo lingine, na niligundua, bila kufundishwa, kwamba nikifungua fungu la majani naweza kusema kama kuni zilizotumika zilikuwa za miombo au za mkaratusi, na kama jani lilikaa karibu na zizi la mbuzi. Wenzangu walinicheka kwanza, halafu wakaanza kuniletea mafungu yenye utata. Mzee Remi, yule Mfaransa, alikuwa akija pale ghalani mara moja kwa mwezi kutafuta majani ya kiko chake. Alikuwa fundi wa maji. Alikuja zamani kujenga matangi na kulaza mabomba, mradi ukaisha, wenzake wakaondoka, yeye akamwoa Mama Felista akabaki. Siku moja alichagua fungu lililopendeza kwa macho, nami nikamwambia, "Shikamoo, Mzee. Hilo liache, limekaa karibu na mafuta ya taa." Alilipeleka puani, akavuta pumzi ndefu, akanitazama kama mtu anayejaribu kusikia mazungumzo ya ng'ambo ya barabara. "Una hakika?" "Ninayo." Akalirudisha, akachukua jingine. Sikujua kwamba miaka miwili kabla ya hapo alikuwa ameanguka kutoka juu ya tangi akapigiza kisogo, na tangu hapo pua yake haikupokea kitu. Ulimi nao ulibakiwa na chumvi na sukari, basi.

Ilikuwa ile miaka watu waliyoiita ya ruksa. Vitu vilikuwa vimerudi madukani mjini, sabuni za kila rangi, dawa ya meno, redio za kaseti, na kila Jumamosi marobota ya mitumba yalifunguliwa chini kwenye turubai. Niliishi Msamala kwa mjomba wangu, fundi cherehani, ambaye alikuwa ameacha kushona suruali mpya na sasa alipunguza viuno vya suruali za mitumba. Alisema kazi ni ile ile, ila anashonea watu wawili kwa wakati mmoja, aliyeivaa Ulaya na atakayeivaa Songea. Wanunuzi binafsi walianza kuingia kwenye mazao, ghala letu likapunguza watu, na jina langu likawa kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni. Nilikaa nyumbani wiki tatu. Wiki ya nne Mama Felista alikuja mwenyewe mpaka kibarazani kwa mjomba, mwanamke mnene, mwepesi wa miguu, akanitazama juu mpaka chini. "Ndiye wewe yule Myao mwenye pua?" Sisi na Wangoni tuna utani wa zamani, kwa hiyo nilijibu kwamba pua tunazo Wayao wote, Wangoni ndio waliopewa midomo. "Basi lete hiyo pua kesho mchana," alisema. "Baba Odilia anakuita. Na uje na njaa."

Chumba chao cha kulia nakikumbuka kuliko chumba chochote nilichowahi kulala. Meza ya mninga ya watu wanane, viti sita, dirisha linalotazama migomba na bomba la uani, kabati la glasi zilizokuwa hazitumiki, na ukutani picha ya Odilia siku ya kipaimara chake. Tulikula ugali, samaki wa Nyasa waliokaushwa kisha wakaungwa kwa nyanya, na maharage. Mzee alitia chumvi nyingi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Tulipokwisha kunawa aliweka mezani chupa moja yenye vumbi, akanieleza habari zake kwa mpangilio, kama anayeeleza mchoro wa mabomba. Ilikuwa divai nyekundu ya Bordo, kwao Ufaransa, iliyochanganywa kutokana na zabibu za aina tatu: Kaberne inayoipa uti wa mgongo, Merlo inayoipa mwili, na ya tatu kidogo tu kwa ajili ya harufu. Divai ya namna hiyo haitengenezwi ili inywewe mwaka ule ule. Ikiwa changa inauma. Ikilazwa penye ubaridi na giza inatulia mwaka hadi mwaka, inafika mahali pake, inakaa hapo kwa muda, kisha inaanza kufa. Imefika wapi katika safari hiyo, karatasi ya chupa haisemi. Mwaka aliozaliwa Odilia aliagiza chupa kumi na mbili, akachimba shimo chini ya sakafu ya ghala, akazilaza humo juu ya maranda ya mbao. Sasa Odilia, aliyekuwa akisomea unesi, alikuwa amechumbiwa na mwalimu mmoja Mmatengo wa Mbinga, na harusi ilipangwa baada ya mavuno.

"Nimewaahidi wakwe zangu," Mzee alisema. "Baba mkubwa wa kijana ni padre, amesoma Ulaya miaka mingi, divai anaijua. Kama hii imekufa, nitawanywesha siki siku ya mwanangu, na mezani pote nitakuwa mtu pekee asiyejua."

"Mimi sinywi, Mzee," nilisema.

"Najua. Sikuombi unywe. Nakuomba unuse."

"Na mdomoni?"

"Mdomoni nipo mimi," alisema Mama Felista, akiendelea kukusanya sahani. Usichana wake wote alikuwa amegema ulanzi, ule utomvu wa mianzi unaotoka asubuhi ukiwa sukari tupu na jioni ukiwa pombe, na kijijini kwao walimpelekea vibuyu aseme ni wa saa ngapi. "Nimeonja ulanzi wa kata nzima kabla huyu hajajua Songea iko wapi."

"Kila chupa tutakayojaribu," Mzee alisema, "ni chupa moja pungufu siku ile. Kwa hiyo tujaribu mara chache."

Jioni nilimwuliza mjomba, kwa sababu sikutaka kulifanya jambo hilo kwa kujificha. Alitoa pini mdomoni, moja moja. "Pua yako haijafunga ndoa na koo lako," alisema. "Ila ukirudi hapa unanuka, utalala huko huko kwa Wangoni."

Tulifungua chupa ya kwanza Jumamosi iliyofuata, mchana. Mzee alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi na alitoa glasi tatu kabatini akazifuta kwa kitambaa cha khanga mpaka zikalia. Alivuta kizibo, akamimina, akanisogezea. Niliinamia glasi, na nilichokipata ni gunia lililolowa. Gunia, karatasi za zamani, dari iliyovuja. Ilikuwa harufu ninayoijua kabisa. Ndiyo ya robota la tumbaku lililopata ukungu katikati. Niliinua uso nikamkuta Mzee ameegemeza viganja vyote viwili mezani, ananitazama mdomo. Nilikuwa nimekula kwake. Alikuwa umri wa baba yangu. Mahali nilipolelewa, mtu akikuandalia kitu akakuuliza kikoje, jibu ni moja tu, na hulitafuti. "Inanukia vizuri sana, Mzee," nilisema. Alimgeukia mkewe. "Mama Odi?" Alikuwa na funda mdomoni. Alilizungusha, akameza, akatazama migomba. "Tamu," alisema. "Tamu vipi?" "Tamu tu, Baba Odilia. Nzuri." Sijawahi kuona furaha ikimwingia mtu kwa utulivu vile. Alikunywa glasi mbili taratibu, akatusimulia jiko la mama yake, sufuria nyeusi iliyokaa motoni tangu asubuhi, nyama na vitunguu na divai ndani yake. Alinipa daftari la kurasa mia moja niwe mwandishi wa shughuli hiyo, nami kwenye ukurasa wa kwanza niliandika kwa mwandiko safi: nzuri sana.

Nimefikiria mara nyingi kwa nini jambo dogo vile lilininyima raha. Kwenye ghala la tumbaku niliwahi kumwona mpangaji madaraja mmoja, mtu mzima anayeheshimika, akilipitisha robota lenye ukungu kwa sababu mkulima alikuwa mzee na alikuwa amemsihi. Miezi miwili baadaye, mimi ndiye niliyetumwa kuvunja lundo lile, na ukungu ulikuwa umeingia marobota yote yaliyoligusa, ya watu wengine ambao hawakumsihi mtu. Nilijua, kwa hiyo, kinachofuata baada ya maneno matamu ya mpangaji. Hata hivyo nilikaa wiki mbili. Nilikuwa nikienda pale Mjimwema kila siku ya pili, kwa kuwa Mzee alikuwa ameanza kuniazima vitabu na kamusi, na kila nilipofika nilijiambia leo, na kila nilipoondoka nilijiambia kesho. Siku niliyosema ukweli niliwasikia kwanza wao. Nilikuwa barazani navua viatu, dirisha likiwa wazi.

"Kumi na moja zilizobaki zitakwenda zote mezani," Mzee alikuwa anasema. "Nimeshamwandikia padre kwamba ziko tayari."

"Jaribu nyingine moja," alisema Mama Felista.

"Ya nini? Mmeniambia nzuri."

Halafu Mama Felista tena, kwa sauti ya chini, "Jaribu tu, Baba Odilia."

Hapo nilijua kwamba sikuwa peke yangu. Nilipiga hodi, nikaingia, na kabla sijakaribishwa kiti nikasema, "Mzee, ile divai ilinuka gunia lililolowa."

Aliweka kiko mezani. Mama Felista alishusha pumzi kama aliyetuliwa mzigo. "Mimi niliona karatasi," alisema. "Kama nimetafuna daftari la shule."

Mzee alimtazama yeye, akanitazama mimi. "Mkanyamaza wote wawili."

"Sasa wewe, ukialikwa mahali, pilau ikaungua, utamwambia mwenye nyumba?" alisema Mama Felista.

"Sikuwaalika kula. Niliwaomba pua na ulimi, mkaniletea adabu. Adabu ninayo." Hakupaza sauti. Alisukuma makombo ya mkate kwa ncha ya kidole mpaka yakawa mstari, na nilidhani nimepoteza kazi ya pili mwaka ule. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na ikanichukua muda kuelewa kwamba anacheka. "Nimekunywa gunia," alisema, "nikamkumbuka mama yangu." Mama Felista alijifunika uso kwa upande wa kitenge. Baadaye Mzee alitueleza kwamba ule ulikuwa ugonjwa wa kizibo, gome la mti linalozibia chupa huwa na kasoro hiyo, na huipata chupa moja bila kuigusa jirani yake. Kwa hiyo hatukuwa tumejifunza lolote kuhusu zile nyingine. Tulikuwa tumepoteza chupa moja na wiki mbili, na swali lake lilikuwa pale pale.

Kuanzia wiki hiyo aliweka sheria. Maneno matatu hayakuruhusiwa mezani pale: nzuri, mbaya na tamu. Atakayelitamka mojawapo, atoke aende bombani, ajaze ndoo, aipeleke jikoni. Na kwa kuwa hatukuweza kufanya mazoezi kwenye chupa, tulifanya mazoezi kwenye kila kitu kingine kilichokuwamo nyumbani. Chai ya rangi, iliyochemka dakika tatu na iliyochemka kumi. Kahawa ya Mbinga waliyoleta wakwe. Asali ya miombo na asali ya mashamba ya mahindi. Maji ya bomba na maji ya kisima. Ulanzi aliuonja Mama Felista peke yake na kunieleza, nami nikanusa. Wiki ya kwanza yeye alijaza pipa la jikoni mpaka likafurika, akasema hii si shule, ni njama ya kumchotesha maji. Mimi nilikwenda bombani mara nne. Odilia aliporudi likizo alitukuta sote watatu tumeinamia vikombe, daftari likiwa katikati.

"Mnafanya nini?"

"Tunanusa chai," alisema baba yake.

"Na ikoje?"

"Majani makavu, moshi kidogo, na kitu kama ganda la ndizi," nilisema.

"Mama, hawa wamekuharibu na wewe?" Alikuwa msichana wa maneno mafupi, hakujua kupamba, na mama yake alikuwa akimgombeza kwa hilo tangu utoto. Alionja chai ile ile, akasema haina sukari, akaenda zake.

Daftari lile liligawanywa kwa mistari niliyoipiga mwenyewe kwa rula: rangi katikati ya glasi, rangi ukingoni, harufu kabla ya kutikisa, harufu baada ya kutikisa, mdomoni, na mwisho kabisa pumzi ngapi zinapita kabla ladha haijaondoka. Leo naonja kahawa kwa ajili ya mnunuzi mmoja wa Mbinga, na fomu ninayotumia kazini, iliyochapwa kwa kompyuta, haina tofauti kubwa na mistari ile. Vijana wanapoletwa kwangu kujifunza, kitu cha kwanza ninachowaondolea ni sifa. Wanakuja wamejaa sifa. Kila kikombe kwao ni kizuri, kwa sababu mwenye kahawa amesimama mlangoni na kofia mkononi. Nawaambia waseme kwanza kilichomo, mwenye kahawa atajua cha kufanya. Sikupata elimu hii chuoni, sikwenda chuo. Niliipata kwenye meza ya mninga, katikati ya mabakuli ya maharage, pamoja na Kiingereza changu chote, ambacho nilikiokota neno kwa neno kwenye kamusi ya Mzee nikiwa nangoja maji yachemke. Nikijumlisha, sidhani kama kuna mwaka mwingine nilioketi vizuri namna ile.

Jaribio la pili lilikuwa mwezi wa saba, siku ya baridi, ukungu ukiwa umelala Mjimwema mpaka saa nne. Mzee alifungua saa sita kamili, akasimamisha mshumaa nyuma ya shingo ya chupa, akamimina taratibu kwenye jagi ili mashapo yabaki chini. Rangi ya katikati ilikuwa ya zambarau zilizoiva. Ukingoni ilikuwa imeanza kwenda kwenye kutu ya bati. Niliinama nikiwa na hofu ya gunia. Halikuwepo. "Penseli iliyochongwa sasa hivi," nilisema. Mzee alifumba macho. "Endelea." "Zambarau, lakini za kukaushwa. Jani la nyanya likisuguliwa mkononi. Tumbaku, si yetu ya moshi, ile laini ya mvuke. Mkanda wa ngozi." Nilitikisa glasi. "Udongo wa shamba kabla haujalowa vizuri." Mama Felista alichukua funda lake na uso wake ukajikunja. "Ukakasi," alisema. "Kama bibo lisiloiva, lile la mkorosho. Limekamata ufizi wote." "Linaachia?" aliuliza Mzee. Alingoja. Alihesabu kwa vidole. "Linaachia. Pumzi ya nane. Na likiachia, kinabaki kitu kama zambarau." Mzee aliuliza tena, polepole, kama ukakasi ule ulikuwa unakwaruza au ulikuwa unabana tu, na mkewe alifikiri kwa haki kabisa, akachukua funda jingine, akasema unabana. Kama khanga mpya, alisema, sio kama gunia.

Hatukuishia hapo. Tulinusa na kuonja saa saba, saa nane, saa tisa, kutoka kwenye jagi lile lile. Saa nane jani la nyanya lilikuwa limeondoka. Saa tisa Mama Felista alisema ukakasi ulikuwa unaachia kwenye pumzi ya tano, na kwamba sasa kuna kitu kinafika kooni kabla yake, kitu laini. Mzee aliyaweka hayo pamoja jinsi mtu anavyotafuta bomba lilipopasuka bila kuliona. Kama rangi imefika pale, na ukakasi bado unabana namna hii, na tunda bado lipo, basi iko hai, alisema. Ina miaka kumi mbele yake. Kwa harusi ifunguliwe mapema, saa tatu nzima kabla ya chakula. Zifunguliwe sita, na kila moja inuswe kabla haijaingia kwenye jagi. Nne zibaki shimoni. "Nusa zote, Twaha. Hata moja isipite." Niliandika hivyo na nikapiga mstari chini yake.

Siku ya harusi nilifika mapema, watu wakiwa bado kanisani. Nilipanga chupa sita ghalani, nikafungua, nikanusa, nikaandika. Tano zilikuwa sawa na ile ya mwezi wa saba, tofauti ndogo ndogo tu. Ya sita kizibo chake kilikuwa kimesinyaa, kikawa kinakatika, na wakati nashughulika nacho saa ya sala ya alasiri ikafika. Niliiacha pale ghalani imefunguliwa nusu, nikaenda kutawadha. Nilichelewa labda dakika ishirini. Niliporudi uani palikuwa pamejaa, kwaya inaimba, masufuria ya wali yanashushwa, na dada yake Mama Felista, aliyekuja kusaidia na hakuambiwa lolote, alikuwa ameikuta ile chupa, amekitoa kizibo kwa kisu, na ameimimina kwenye glasi za meza kuu.

Meza kuu walikuwa wameshainua glasi. Padre, baba mkubwa wa bwana harusi, mzee mrefu mwenye miwani, alionja, akatikisa kichwa kwa heshima. "Safi sana, mkwe," alisema. "Safi kabisa." Wakwe wengine wakasema safi. Mzee Remi alikuwa ameketi katikati yao na glasi yake mkononi, haijafika mdomoni, na alikuwa ananitafuta kwa macho. Niliichukua ile glasi mkononi mwake nikanusa. Rangi ya kucha. Sikuiamini pua yangu mara moja, kwa sababu wapambe wa bibi harusi walikuwa wameketi hatua tatu kutoka pale na kucha zao zilikuwa zimepakwa asubuhi ile ile. Nilitoka na glasi mpaka nyuma ya ghala, ambako hakukuwa na mtu, nikanusa tena. Rangi ya kucha, na chini yake siki. Kizibo kile kilikuwa kimepitisha hewa miaka mingi.

Nilisimama pale. Kila mtu alikuwa amekwisha kusema safi. Mzee asingejua kamwe. Wageni wangemeza, wangekula wali, wangekwenda kucheza, na chupa tano nzima zingefuata. Kunyamaza kulikuwa rahisi kabisa, na kungeonekana ni heshima. Nilirudi mezani. Nilidhani nitamnong'oneza, lakini Mzee aliuliza kwa sauti yake ya kawaida, mbele ya wote, "Twaha. Kuna nini humo?"

"Rangi ya kucha, Mzee," nilisema. "Na siki. Hii ni ya sita, sikuwahi kuinusa."

Kwaya iliendelea. Mama wa bwana harusi aliiweka glasi yake chini taratibu, kama iliyo na moto. Uso wa Mzee ulikuwa mwekundu mpaka masikioni. Alisimama, akazunguka meza, akakusanya glasi moja moja kwa mikono yake mwenyewe, kuanzia ya padre. "Samahanini," alisema. "Hii imekufa. Zipo zilizo hai."

Padre alivua miwani akaifuta. "Mimi niliisikia siki," alisema. "Lakini mtu ameitunza kwa miaka yote hii. Nitaanzaje?" Mama Felista, aliyekuwa amesimama nyuma na bakuli la kuku, alisema, "Padre, humu ndani ukisema hivyo unachota maji." Hakuna mkwe aliyeelewa, lakini alivyolisema lilichekesha, na walicheka.

Glasi zilioshwa, nikaleta jagi la chupa ya kwanza, iliyokuwa imekaa wazi saa tatu na zaidi. Nilimimina mwenyewe. Padre alinusa kwanza safari hii, akakaa nayo puani muda mrefu, akaifunika glasi kwa kiganja kama anayezuia isitoke. Mzee alinigeukia, nikainama karibu na sikio lake nikamwambia yote kwa mpangilio, rangi, penseli, zambarau za kukaushwa, mkanda wa ngozi, udongo, na Mama Felista kwa upande wa pili akamwambia ukakasi unaachia kwenye pumzi ya nne. Alikuwa anakunywa tunavyosema, funda kwa kila neno, macho yamefumba. Mwishoni alifungua macho akamwita Odilia, aliyekuwa anasalimia meza za nyuma. Alikuja ameshika gauni lisiguse vumbi. Baba yake alimpa glasi, akamwambia hii ina umri wako, nilikulazia mwenyewe.

Odilia alikunywa funda moja. Alilimeza, akakunja uso jinsi ile ile ya mama yake, akafikiri.

"Baba, inakausha mdomo," alisema. "Siipendi. Naomba soda ya chungwa."

Mama Felista alianza kumgombeza, mbele ya wakwe, siku yake, baba yake amengoja miaka yote hiyo. Mzee alimzuia kwa mkono. Sijui nilitazamia kuona nini usoni mwake. Nilichokiona ni mtu aliyeridhika kabisa. Alisema mtu amletee mwanawe soda, na iwe ya baridi. Kisha akanigeukia.

"Andika," alisema.

"Niandike nini, Mzee?"

"Bibi harusi: inakausha mdomo, haipendi. Andika vile vile alivyosema."

Nilifungua daftari, nikaandika. Yeye aliichukua glasi ya binti yake, akaimalizia mwenyewe.